Sinia Lielekee Wapi

Wakamatsu, Aizu
20 Machi 1917

Mwanangu Tsunenori,

Mwili mzima, ulimi mkali, hivyo ndivyo ulivyoniacha na hivyo ndivyo nilivyo. Theluji bado imelala juu ya paa, na juzi ilivunja tawi la ule mti wa plamu uliokuwa ukiupanda ukiwa mdogo. Nimeshakwenda kaburini kumwambia marehemu kaka yangu, babako, kwamba mwanawe amepewa manowari yake mwenyewe. Nilimwambia kwa sauti, ili na majirani zake wa pale wasikie.

Jirani yetu Shigeno, yule muuza tofu, hana raha. Jana kanisimamisha njiani: "Tose, Aizu hii hatuna hata bwawa la bata, na wewe mwenyewe bahari hujaiona tangu uzaliwe. Huyo nahodha umemtoa wapi?" Nikamwambia, "Nimemtoa nyumbani kwangu, na wewe wako umemweka wapi?" Akaondoka na ndoo zake. Alijua namsema yule mwanawe anayelala mpaka saa sita.

Sasa sikiliza. Sinia lako naliandaa kila asubuhi: wali, mchuzi wa miso, na samaki mkavu. Bakuli ni lile jekundu la babako. Mchuzi ukishatulia nafunua kifuniko, na kila siku nakuta matone yamejaa chini yake. Basi najua u hai na unakula. Lakini sinia la msafiri huelekezwa kule aliko msafiri. Ulipokuwa bandarini Sasebo nililielekeza Sasebo. Gazeti sasa linasema meli zenu zimekwenda "bahari ya mbali". Mbali wapi? Sikuulizi mahali, maana najua utaniletea sheria. Niambie upande tu. Sitaki mwanangu ale chakula kimempa mgongo.

Shangazi yako,
Tose


Baharini
6 Mei 1917

Shangazi,

Shikamoo, na salamu zangu zifike mpaka jikoni. Mimi ni mzima. Nakula vizuri, ila wali wa meli hauna mpishi kama wewe. Mabaharia wangu ni vijana wazuri, na meli yetu ina jina la mti, ndilo ninaloweza kukwambia.

Kuhusu upande, nisamehe. Nikikwambia upande mmoja leo na mwingine mwezi ujao, mtu mwenye akili atachora njia yetu yote. Wewe elekeza popote, nitageuka mwenyewe nile.

Kazi yetu ni ya mbwa wa mchungaji. Meli kubwa zilizobeba watu zinakwenda katikati, sisi wadogo tunazunguka pembeni tukinusa nyambizi. Wenzangu waliobaki nyumbani kwenye manowari kubwa hutucheka, eti tumekuwa mayaya. Mimi naipenda kazi hii kuliko zote nilizowahi kufanya, na sioni haya kukwambia hivyo.

Usikasirike na hili: mkuu wa kikosi chetu, Kamanda Niiro, ni mtu wa Satsuma, ndiyo, wa wale wale walioishinda Aizu vitani. Siku ya kwanza mezani aliniuliza mbele ya wote, "Machino, ninyi watu wa milimani mnajifunzia wapi kuogelea? Kwenye beseni?" Nikamjibu, "Kwenye mto mliotusukumia, Kamanda." Wote mezani wakaacha kula. Kisha yeye mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo ananipa kazi ngumu zote.

Mwanao,
Tsunenori


Wakamatsu
15 Julai 1917

Mwanangu,

Barua yako imefika, nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Mimi mzima. Joto limetuchemsha, matango ni mengi, na Shigeno ameozesha binti yake kwa mwalimu asiye na nyusi.

Eti nielekeze popote! Nimemuuliza mwalimu huyo asiye na nyusi, akasema kusini. Nimemuuliza kasisi wa hekalu, akasema kila upande ni mmoja. Basi sinia lako linatazama kusini, na kasisi simpelekei tena matango.

Sasa mambo mawili, na usiyaruke.

La kwanza. Tarehe 26 Juni nilifunua kifuniko nikakikuta kikavu kama jani la kiangazi. Nikapasha mchuzi tena, nikafunika, nikangoja. Kikavu! Sijalala vizuri tangu hapo. Siku hiyo umepatwa na nini? Niambie hata kama ni baya.

La pili. Mzee Tange, mtu wetu wa Aizu aliyeko wizarani Tokyo, amekutafutia nafasi ya ofisini. Meza yako, karani wako, na binti yake wa tatu ambaye anasoma na kupiga zeze la koto. Anasema kutoka kwenye meza hiyo hata uamiri haumkimbii mtu. Unalijua hilo lina maana gani kwetu? Sisi ni watoto wa walioshindwa. Nusu karne imepita na bado katika jeshi la majini mtu wa Satsuma anapanda ngazi wakati mtu wa Aizu anaishikilia isianguke. Andika ombi urudi.

Na huyo Niiro wako, mla viazi vitamu kama wote wa kwao, mwambie anayekujibu hapa ni mimi. Ngome yetu ilipopigwa mizinga nilikuwa msichana mdogo. Kazi yetu watoto ilikuwa kukimbilia kombora likianguka na kulifunika kwa mablanketi mazito yaliyoloweshwa maji, kabla halijapasuka. Dada yangu Sei alichelewa hatua chache. Mizinga ile ilikuwa ya baba zao. Niliapa kwamba mtu wa Satsuma hatatia chakula mdomoni ndani ya nyumba yangu, na sijakipunguza kiapo hicho hata kidogo.

Tose


Baharini
30 Septemba 1917

Shangazi,

Usishangae mwandiko, ananiandikia karani wa meli. Nimeungua mikono kidogo kwa sufuria, jambo la kipuuzi, na daktari anasema itapona. Vinginevyo niko salama, na salamu zangu kwa bwana arusi asiye na nyusi.

Tarehe 26 Juni hakukuwa na jambo lolote. Niamini.

Kwa Mzee Tange, mpelekee shukrani zangu na umwambie siwezi. Kuondoka sasa kungekuwa ni kukimbia. Siwezi kueleza zaidi, ila nakuomba usidhani nimelidharau jina letu. Nalifikiria kila siku.

Plamu za chumvi ulizonipa zimekwisha. Karani huyu alisaidia kuzimaliza.

Tsunenori


Wakamatsu
18 Desemba 1917

Tsune,

Theluji imefika magotini. Mimi mzima, na majirani wazima, na hizo ndizo salamu.

Tangu lini nahodha wa manowari akapika?

Mzee Tange ameniandikia. Anasema mwezi Agosti mlishambuliwa na nyambizi, ukasimamisha meli yako katikati ya hatari ili kuokota watu majini, ilhali uliamriwa usisimame. Anasema ulishitakiwa, ukakaripiwa kwa maandishi, na mwaka huu wenzako wote wa darasa lako wamepanda cheo isipokuwa wewe. Anasema hukujitetea hata kwa neno. Binti wa tatu ameshapata mchumba mwingine, mwenye benki.

Shigeno amesikia, maana masikio ya mwanamke yule yanafika Tokyo. Kanijia kwa sauti ya asali: "Pole, Tose. Nasikia mtoto amepata matatizo." Nikamwambia, "Mtoto gani? Wangu ametoa watu kwenye maji. Wa kwako hata kujitoa kitandani hawezi." Lakini nilipofunga mlango nililia, nakwambia ukweli. Nililia kwa hasira. Miaka yote ile nikishona nguo za watu hadi macho yakaota ukungu, ili wewe uvae zile dhahabu mabegani, na sasa wamezisogeza mbali na wewe tena.

Mzee Tange anasema ulisimama kwa ajili ya mkubwa mmoja. Hakutaja jina. Huenda hajui, au anaogopa wino. Basi nakuuliza wewe niliyekulea: ulisimama kwa ajili ya nani? Kama ni mtu wetu nitakwenda kaburini kumwambia babako. Kama ni mgeni nitakwenda vilevile. Ninachotaka ni jina la kusema nikifika.

Tose


Baharini
20 Februari 1918

Shangazi yangu mpenzi,

Nimeanza tena kushika kalamu, kama uonavyo herufi zinavyotambaa. Nimepona.

Ni kweli yote uliyoandikiwa. Nilisimama, na ningesimama tena. Tulitoa majini watu wengi, wanaweza kujaza ile barabara yetu mpaka kwenye daraja. Nikifumba macho nawaona wakipanda ngazi ya kamba, na siwezi kusikitika, hata nikijaribu kwa heshima ya wakubwa zangu.

Lakini jina usiniulize. Nimekujibu kila kitu maishani mwangu, hili niachie. Na kama majirani wanakutia aibu kwa ajili yangu, acha kuandaa sinia, sitakulaumu.

Tsunenori


Wakamatsu
22 Aprili 1918

Wewe mtoto,

Niache kuandaa sinia! Barua yako imefika wiki hii, na ungekuwa karibu ningekupiga nayo. Kaa chini usome, maana hii ni ndefu, na salamu utazikuta mwishoni kama nitazikumbuka.

Mwishoni mwa Machi, theluji ikigeuka tope, alikuja mtu langoni. Sare ya bahari, fimbo mkononi, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Akasema habari za asubuhi, na kwa lafudhi ile tu mwili wangu ulisisimka. Satsuma mtupu!

Nikamwambia, "Umepotea. Viazi vinauzwa sokoni."

Akasema, "Mama, mimi ni Niiro."

Nikasimama katikati ya lango. Sikumkaribisha. Naye hakuomba kukaribishwa. Aliweka fimbo chini, akapiga magoti kwenye lile tope, polepole kwa sababu ya mguu, akainama mpaka kofia ikagusa ardhi. Shigeno alikuwa ng'ambo na ndoo zake, mdomo wazi.

"Nimekuja kukushitakia mwanao," akasema.

"Si umeshamshitaki?"

"Nimemshitaki kwa wakubwa. Sasa namshitaki kwako." Akainua uso. "Mama, nina amri moja ninayowakaririsha manahodha wangu wote. Mwenzako akipigwa usisimame, maana nyambizi inangoja hicho hicho. Zisindikizeni meli zenye abiria, piteni. Hata nikiwa mimi majini, piteni. Siku ile meli yangu ikakatwa pua, nikajikuta majini kweli, mguu umevunjika, mafuta yanawaka pande zote. Nikaiona meli ya mwanao inakuja. Nikapiga kelele, 'Pita! Pita, mjinga wa milimani!' Akasimama."

Akausogeza ule mguu mbovu topeni, akaendelea.

"Akawaokota vijana wangu mmoja mmoja. Mimi nikamkatalia kamba. Basi akashuka mwenyewe kutoka mahali pake pa unahodha, na hilo nalo ni kosa, akalala kifudifudi ukingoni, akaingiza mikono miwili ndani ya moto akanikamata kola. Nilipopata pumzi nikamuuliza, 'Machino, hukusikia amri?' Akanijibu, 'Masikio yamejaa maji, Kamanda. Sisi tunaogelea kwenye beseni.'"

Tsune, pale ndipo nilipocheka. Sikutaka, kicheko kilinitoka tu. Na hapohapo nikajua kwa nini hukunitajia jina. Uliogopa nitakuonea haya, kwamba umeyachoma mafanikio yako na mikono yako kwa ajili ya mtoto wa watu wale.

Nikamuuliza, "Mtu amekutoa motoni, nawe ukachukua kalamu ukamshitaki?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa bado nimelala kwenye machela. Amri ni yangu, na iliyovunjwa ni amri. Angekuwa yeye majini na mimi juu, angenishitaki vilevile."

Angekushitaki kweli. Nakujua. Usingeniambia hata upande wa bahari! Nikamtazama mtu yule aliyelowa tope kifuani, nikaona mpo sawasawa, vichwa vigumu viwili, na hasira niliyokuwa nimemwekea ikakosa pa kukaa.

Nikamwambia, "Inuka, ingia ndani."

Hakuinuka. "Mwanao aliniambia nyumba hii hailishi watu wa Satsuma."

"Hailishi," nikasema. "Lakini mezani kuna sinia la Tsune, na chakula kile ni chake. Yeye ndiye anakulisha. Mimi nitatazama pembeni."

Basi amekula sinia lako. Alilipigia magoti kwanza, maana alilitambua, kwao nao mama zao huandaa. Alikula kila kitu, hata mifupa ya samaki aliitafuna. Akasema mchuzi una chumvi. Nikamwambia ndiyo maana sisi hatuozi.

Nilimuuliza kuhusu 26 Juni. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akaanza kucheka peke yake. Eti siku hiyo mlikuwa bandarini na wewe ulikuwa umelala na tumbo la kuhara, baada ya kula tikiti zima kwa kubishana na daktari wa meli. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi! Na siku ile ya moto, alipoitaja tarehe, nilikumbuka. Kifuniko kilitiririka siku hiyo mpaka nikabadilisha kitambaa cha sinia, nikadhani ni joto la Agosti.

Mwisho nikamuuliza kile unachoninyima. "Mwanangu yuko upande gani?"

Akasimama wima. "Mama, siruhusiwi kusema."

"Basi nenda zako, wote mmefinyangwa udongo mmoja."

Akavaa koti. Alipokuwa akiinama kuchukua fimbo yake, mkono wake ukagusa ukingo wa sinia. Akaligeuza taratibu. Likaacha kutazama kusini, likapita dirisha, likaelekea ukuta wa upande wa ghala la makaa. Akalitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akalisogeza tena kidogo, upana wa kidole.

"Sijasema kitu," akasema.

"Nami sijasikia kitu."

Nilimsindikiza mpaka langoni, na nilimwinamia, Tsune. Nilimwinamia mbele ya Shigeno. Alipokuja kuniuliza yule alikuwa nani, nilimwambia, "Ni mkubwa wa Tsune. Amekuja kutoka Tokyo na mguu mbovu kuniambia kwamba mwanangu hasikii." Amekwenda kuutangazia mtaa mzima, na kwa mara ya kwanza namruhusu.

Kamanda wako anasema mguu unatosha, anarudi kwenu kwa meli ijayo. Basi tangu siku hiyo naandaa masinia mawili, yakitazama ghala la makaa. Kiapo changu kiko palepale: mtu wa Satsuma hatakula tena ndani ya nyumba hii. Atakula huko huko baharini. Bakuli lake nimempa lile jeusi lililokuwa la dada yangu Sei. Lilikaa kabatini tangu vita ya ngome, na sikuwahi kujua nalitunzia nani.

Babako nimemwambia. Jina nililitaja lote. Nikamwambia: mwanao si amiri, na huenda asiwe. Walirusha moto juu yetu, yeye ameingiza mikono kuwatoa motoni. Watoto wa wengine wana dhahabu mabegani. Wa kwetu ana makovu viganjani, na mimi Tose natembea katikati ya barabara.

Salamu nimezikumbuka. Mimi mzima.

Shangazi yako,
Tose


Baharini
25 Juni 1918

Shangazi,

Barua yako niliisoma nikiwa zamu, nikalazimika kumwomba msaidizi wangu atazame bahari badala yangu kwa muda, kwa sababu sikuwa nikiona vizuri. Niko mzima. Mikono inafanya kazi. Cheo ni kile kile.

Kamanda Niiro amefika. Anachechemea kuanzia mbele ya meli hadi nyuma na kutukaripia wote, na vijana wamefurahi kama watoto. Jana mezani aliniuliza mbele ya wote, "Machino, shangazi yako anatia chumvi kiasi kile kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akatikisa kichwa, akanisogezea plamu zako za chumvi ulizompa anibebee, lakini baada ya kuchukua nne zake. Amri ile bado anatukaririsha kila asubuhi, na akifika pale pa "hata nikiwa mimi majini" ananikazia macho. Mimi natazama upeo wa bahari.

Nimemwambia kuhusu bakuli la shangazi Sei. Alikwenda kusimama peke yake nyuma ya meli, kofia mkononi, mpaka chai yake ikapoa.

Sheria zetu hazijabadilika, nawe unajua siwezi kuandika jambo lolote kuhusu mahali tulipo. Kwa hiyo nakuomba moja tu. Ukipangusa vumbi mezani, pangusa kwa uangalifu.

Masinia usiyasogeze.

Mwanao,
Tsunenori